Nani alikuwa anatangaza msimu wa tiara?

Chelewa Tatu
Salaam wakuu. Swali: msimu wa tiara ulikuwa unaanzishwa na nani?

Mliokulia uswahilini mnajua ninachosema. Mtaa mzima uko kwenye gololi, mifuko ya kaptura imetoboka. Halafu siku moja unaamka, gololi hakuna anayeziangalia tena, kila mtoto ana uzi mkononi na anachomoa chelewa kwenye ufagio wa mama yake. Na si mtaa wenu tu. Ukitumwa kwa shangazi mitaa mitatu mbele, nako tiara zimejaa angani. Simu hatukuwa nazo, redioni hawakusema, mwalimu hakusema. Kwetu Temeke ilikuwa mwezi wa sita kuelekea wa saba. Na unavyoanza ghafla ndivyo unavyokwisha: tiara zimebaki zinaning'inia kwenye miembe, watoto washahamia kwenye kuendesha matairi.

Dai langu ni upepo wa kusi. Kusi ikishika, anayerusha hata karatasi ya daftari anaona haianguki, na wenzake wanaona. Basi. Lakini mke wangu kakulia bara na hilo kalikataa kabisa, anasema kwao upepo upo mwaka mzima na bado tiara zilikuwa na wakati wake.

Leteni michango. Na mliokuwa mafundi, wekeni jinsi mlivyotengeneza, kwa kirefu. Nina watoto wawili nyumbani, nataka waonje.

Mtoto wa Ng'ambo
Kusi peke yake haitoshi. Sisi Unguja vishada tulirusha mara mbili kwa mwaka, wakati wa kusi na tena wakati wa kaskazi, mwezi wa kwanza. Ule wa mwezi wa kwanza naujua asili yake. Tulipakana na familia ya Kigujarati, na kila tarehe 14 Januari walipanda juu ya nyumba na vishada vya karatasi ya shashi, vyekundu, kijani, manjano. Kwao ni sikukuu ya jua kugeuka, kule Ahmedabad mji mzima unapanda mapaani siku hiyo. Sisi tulikaa chini tukisubiri kitakachokatwa. Kikishakatwa mtoto mmoja anapiga kelele "Kimekwenda arijojo!" na hapo mbio, uchochoro kwa uchochoro, macho juu, unaruka mitaro huioni. Aliyekidaka ni chake, na mwenyewe hadai.

Kuanzia kesho yake kila mtu anataka chake, na msimu umeanza.

Utengenezaji: chelewa mbili. Moja inasimama wima, nyingine unaipinda mfano wa upinde na kuifunga uzi ncha kwa ncha ibaki imepinda. Karatasi ya shashi pande nne sawa. Gundi ni uji mzito wa ngano, au ukiwa na bahati matunda ya mkamasi, ule utelezi wake ukikauka haubanduki. Mkia hatukuweka.

Kisauni Moja
Hamjambo wadau. Mimi naona mwazunguka tu, jibu ni shule. Huku Mombasa tiara zilitoka mwezi wa nane shule zikifungwa. Mtoto akiwa darasani mpaka saa kumi atarusha saa ngapi? Hata hao wa Temeke, mwezi wa sita si ndio likizo yao?

Chelewa Tatu
@Kisauni Moja likizo ya Desemba ni ndefu kuliko ya Juni, na Desemba sikumbuki tiara. Huoni hapo pana shida?

Kisauni Moja
Desemba kuna embe bana. Mtoto mikono imejaa.

Kihesa Juu
Shemeji yuko sahihi @Chelewa Tatu, yaani huyo mkeo, namwita shemeji kwa sababu lazima ni mtu wa kwetu. Iringa upepo hauulizwi. Kwetu kilichoamua ni mavuno. Kabla ya mwezi wa saba utakimbilia wapi? Kila kiwanja ni mahindi, kila ukingo ni maharage ya mtu, ukikanyaga unachapwa na mwenye shamba kisha unachapwa nyumbani. Mahindi yakishavunwa nchi inafunguka. Unasimama juu kilimani na mbele yako hakuna kitu mpaka bondeni. Hapo ndipo tiara zinatoka, maana sasa kuna pa kukimbilia.

Chelewa hatukuwa nazo, minazi tuliiona kwenye vitabu. Sisi ni mianzi. Ilikuwepo ya kugema ulanzi, na mzee akikata iliyokauka tunagombea vipande. Unapasua kwa kisu, unaparaza mpaka uwezo wa kupinda unaupata bila kuvunjika. Kazi ya siku nzima na vidole vina vibanzi, na nakwambia hakuna darasa lililonifundisha subira zaidi ya ule mwanzi. Ukiparaza upande mmoja zaidi, tiara italala upande huo hewani na kila mtu atajua ulikuwa na haraka.

Uzi tulifumua kwenye viroba. Kiroba kilichochanika unakichambua uzi mmoja mmoja, unaunganisha kwa fundo, unazungushia kopo la maziwa. Mafundo mia na kitu, na yote yanapita mkononi mwako tiara inapopanda, tk, tk, tk. Gundi ugali wa moto. Karatasi gazeti.

Fundi Cherehani
Nashangaa mnataja upepo, shule na mahindi, uzi mnautaja mwishoni. Tiara bila uzi ni karatasi tu. Nimekaa kwenye baraza la mafundi tangu mdogo, baba alikuwa fundi, na nawaambia msimu ulifuata Idi. Kabla ya Idi mafundi wanashona usiku na mchana, kanzu, magauni, sare za watoto wa ndugu. Sikukuu ikipita kuna mabaki ya uzi kila mahali, na vipande vya shashi vya kufungia zawadi. Watoto walikuja barazani kwa makundi: "Shikamoo fundi, una uzi mbovu?" Baba aliwapa wote. Kesho yake ukitazama juu unaona kazi ya baba iko angani, rangi zile zile alizoshonea.

Hesabu Safi
@Fundi Cherehani habari nzuri, nimeisoma mara mbili. Ila mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kalenda kwa siku kama 11. Idi inazunguka misimu yote ndani ya miaka kama 33. Msimu ungekuwa wa Idi, watu wa umri tofauti humu wangetaja miezi tofauti kabisa.

Fundi Cherehani
@Hesabu Safi na si ndivyo ilivyo? Mmoja kasema wa sita, mwingine wa nane, mwingine wa kwanza. Halafu mtoto anarusha tiara kwa miaka mingapi? Toka miaka saba hadi kumi na mbili hivi. Piga hesabu yako: Idi itakuwa imesogea kama siku 55, haijafika hata miezi miwili. Kwa mtoto mmoja hiyo ni "mwezi ule ule" tu. Anakua na kumbukumbu yake, mdogo wake anakua na nyingine.

Hesabu Safi
Hoja imesimama. Kwa Iringa kwa kina Kihesa Juu bado haifiki lakini.

Bi Mkubwa wa Raskazone
Wanangu, nimewasoma wote. Mbona mnaongea mnadhani tiara zilikuwa za wavulana? Tanga mimi nilirusha, na dada zangu walirusha. Tukimaliza kuosha vyombo vya mchana tunateremka pwani maji yakiwa yametoka, mchanga mgumu, unakimbia unavyotaka.

Mkia ulikuwa kazi ya wasichana na ndiyo iliyoamua tiara itakaa au haitakaa. Unachana kanga kuukuu vipande vyembamba, unafunga kimoja baada ya kingine. Tiara ikizunguka na kupiga mbizi, ongeza kitambaa. Ikikataa kupanda, punguza. Kaka zangu walikuwa wakisimama na tiara zao zinagonga mchanga, mwisho wanatuita: "Njoo unitazamie mkia." Nilikuwa nashika tu mkononi nikijua umezidi.

Na jibu la swali lako @Chelewa Tatu ni fupi. Kila mtaa ulikuwa na kijana mmoja mkubwa kidogo, asiye na haraka, mikono yake inajua. Siku akitoka na tiara, msimu umeanza. Akiacha, umekwisha. Kwetu alikuwa mtoto wa mvuvi. Upepo upo, uzi upo, shule zimefungwa, lakini yeye asipotoka hakuna anayetoka. Alipokwenda mjini kutafuta kazi, mwaka ule tiara zilikuwa chache mno, na upepo haukupungua.

Mtoto wa Ng'ambo
Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la kijana mkubwa ni kweli, ila yeye naye nani alimwambia leo ndiyo siku?

Bi Mkubwa wa Raskazone
Marahaba mwanangu. Baba yake aliamka alfajiri kutazama upepo kabla ya kwenda baharini. Mtoto wa mvuvi hafundishwi hilo.

Chelewa Tatu
Kwa hiyo Bi Mkubwa tumerudi kwenye kusi, asante sana! 😄

Kihesa Juu
Iringa wavuvi wangapi?

Kirumba Ziwani
Mwanza hapa. Mnaongelea kusi na kaskazi mnasahau kuna upepo wa siku, wa kila siku. Asubuhi unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana jua likishachoma nchi unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu. Kwa hiyo Kirumba tulikuwa na saa za tiara zaidi ya msimu wa tiara. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, ukitokea mwambani. Ukichelewa unakuta upepo umekufa na uzi wako umelala juu ya mapaa ya watu.

Jambo wengi hawalijui: mwaka 1908 Wajerumani wawili, Arthur Berson na Hermann Elias, walikuja Ziwa Viktoria na maputo na tiara kupima hewa ya juu. Tiara zenyewe zilibeba vyombo vya kupimia. Nilipoisoma hiyo habari nilifurahi kupita kiasi. Kwenye ziwa hili hili, watu wazima na elimu yao, walishika uzi na kutazama juu.

Jirani Mwema
Hata Benjamin Franklin, 1752, alirusha tiara kwenye mvua ya radi, radi ikaipiga ndiyo umeme ukagunduliwa. Watoto wanaweza kufundishwa fizikia hapo.

Rubani Mstaafu
@Jirani Mwema hapana, na naomba hili lisipite kwa sababu kuna wazazi humu. Tiara ya Franklin haikupigwa na radi. Ingepigwa, huenda asingesimulia. Alichopata ni chaji ya wingu la mvua iliyoshuka kwenye uzi uliolowa. Na umeme ulishajulikana. Alichoonyesha ni kwamba radi nayo ni umeme. Mwaka uliofuata, 1753, Georg Richmann alikufa St Petersburg akijaribu jambo la aina hiyo kwa chuma kilichosimamishwa nyumbani kwake. Usimfundishe mtoto kwa kumtoa nje kwenye radi. Na nyaya za umeme vilevile: tiara ikinasa waya, iache hapo ilipo. Usiivute, usipande nguzo, usirushe kwa uzi wenye waya ndani yake.

Sasa niwe fundi kidogo. Bi Mkubwa kasema kweli tupu kuhusu mkia. Tiara bapa haina kinachoizuia kuyumba, mkia unakokotwa na upepo, unavuta sehemu ya chini nyuma, kichwa kinabaki juu. Ya Mtoto wa Ng'ambo haihitaji mkia kwa sababu ile chelewa iliyopinda inafanya mbavu mbili zirudi nyuma kidogo, na zikiyumba upande mmoja, upepo wenyewe unazirudisha. Mmarekani William Eddy alikuja kusifika miaka ya 1890 kwa tiara za umbo hilo, na yeye alijifunza kwa zile za Wamalai. Kwa hiyo mtoto wa Unguja na mtoto wa Malaya walikuwa na jibu kabla yake.

Kingine, zile nyuzi za kifuani zinazokutana kwenye fundo moja. Wengi wanakosea hapo. Fundo likikaa chini mno, tiara inasimama wima mbele ya upepo, inavuta sana na haipandi. Likikaa juu mno, inalala, inapeperuka na kuanguka. Sogeza kidogo kidogo kuelekea juu hadi isimame kwa kuinama kiasi. Upepo mkali, sogeza juu zaidi.

Kisauni Moja
Rubani umeniweza. Mimi fundo nilikuwa nalibahatisha miaka yote.

Lakini mbona hamtaji barua? Tiara ikishakaa sawa juu kabisa, wachukua kipande cha karatasi, watoboa katikati, wakipitisha kwenye uzi, upepo wakisukuma chenyewe chapanda taratibu mpaka juu. Twaandika mambo. Mimi niliandika naomba baiskeli. Dada yangu hakutaka tusome yake, aliikunja ndani ndani ndipo akaitoboa. Tulilala chali kwenye nyasi tukiitazama inavyokwenda. Raha ile sijaipata tena kwa kitu chochote cha kununua.

Mtoto wa Ng'ambo
Sisi hatukuwa na muda wa barua, tulikuwa vitani. Chupa unaisaga kwa jiwe mpaka iwe unga, unachanganya na uji wa ngano, unaupaka uzi, unauanika baina ya minazi miwili. Kishada kikigusana na cha mwenzio, unalegeza au unavuta kwa kasi, mmoja lazima akatike.

Bi Mkubwa wa Raskazone
Hilo la chupa usimfundishe mtoto wa mtu, nakuomba. Nimefunga vidole vingi vya watoto kwa sababu ya hilo.

Rubani Mstaafu
Namuunga mkono Bi Mkubwa. Lahore, Pakistani, urushaji ulipigwa marufuku kwa miaka kwa sababu nyuzi za aina hiyo zilikuwa zinakata shingo za wapanda pikipiki. Fikiria bodaboda zetu zilivyo leo.

Mtoto wa Ng'ambo
Nimekuelewa Bi Mkubwa, sitowaonyesha. Ila ile sauti ya uzi unapokatika huku chini mko kimya wote, nitaikumbuka daima.

Mhamiaji Kaskazini mwa Mto
Niko London. Kuna kilima kinaitwa Parliament Hill, watu wanakwenda kurusha tiara Jumapili, upepo mzuri na mji wote unauona. Nilimnunulia mwanangu ya dukani, nailoni, fito za plastiki, haianguki hata ukijaribu. Alirusha dakika kumi akanipa nishike. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani sisi tulikuwa tunatazama kitu tulichokiona kikiwa gazeti na vijiti sakafuni. Kinapopanda, unapanda na usiku mzima uliokaa ukisubiri gundi ikauke. Yeye alipewa kitu kilichokwisha. Wiki iliyofuata tulitafuta mianzi ya bustanini, tukapika uji wa ngano, tukakosea, tukabomoa, tukarudia. Ilipanda mita chache ikayumba ikaanguka, na alipiga kelele mpaka watu wakageuka. Tangu hapo ile ya nailoni haitaki.

Chelewa Tatu
@Mhamiaji hii umeniandikia mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei za dukani. Nimeacha.

Kirumba Ziwani
Mimi naomba tuulize na upande wa pili. Nani aliua msimu? Kwetu naona ni mifuko. Tiara nyepesi kuliko zote ilikuwa ya mfuko wa rambo, hailowi, haichaniki, dakika tano tayari. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Bara tarehe 1 Juni 2019, watoto wakapoteza malighafi.

Kisauni Moja
Kenya ilikuwa 28 Agosti 2017, tulitangulia. Lakini tiara zilikuwa zishapungua kabla ya hapo. Huku kwetu viwanja vimejengwa. Nilikorushia mimi leo pana ghorofa.

Mtoto wa Ng'ambo
Zanzibar ilitangulia wote, 2006. Na vishada vya shashi havikuhitaji mfuko.

Fundi Cherehani
Mifuko iliua utengenezaji kabla ya marufuku kuja. Mtoto akishazoea ya dakika tano, nani atakaa apike gundi? Marufuku ilipokuja, ujuzi wa gazeti na chelewa ulikuwa umeshasahauliwa. Na nguo za mitumba na za madukani zilipunguza mafundi mitaani, mabaki ya uzi yakaisha.

Kihesa Juu
Msiseme zimekufa. Kwetu zipo. Julai iliyopita nimeona watoto wamefumua kiroba vile vile, fundo juu ya fundo. Mmoja alikuwa na tiara ya karatasi za mtihani, alama nyekundu zinaonekana kabisa kutoka chini.

Hesabu Safi
Wakuu, badala ya kubishana kwa kumbukumbu, tukubaliane. Mwaka huu kila mtu aandike hapa tarehe aliyoona tiara ya kwanza mtaani kwake, upepo ulitoka wapi, na kama shule zilikuwa zimefungwa. Temeke, Kirumba, Kisauni, Iringa, Tanga, Unguja. Tuanze mwezi wa sita.

Kirumba Ziwani
Nipo. Nitaandika na saa.

Bi Mkubwa wa Raskazone
Andikeni na jina la anayeanza, hata la utani tu. Mtaona.

Rubani Mstaafu
Na kama ina mkia au haina.

Mtoto wa Ng'ambo
Mwezi wa sita tena? Nani kasema mwaka wa tiara unaanza mwezi wa sita? Mimi nahesabu kuanzia Januari, na jirani yangu pale juu atanishuhudia.

Chelewa Tatu
Anza Januari kaka, ila usipokiona kishada mpaka kusi ije, uandike hapa.